Kichwa Changu na Safari ya Kila Mwaka ya Spring Valley

WATU wa pwani huenda Nairobi kwa mambo mengi. Kuna waendao kwa biashara, kuna waendao kwa kesi, kuna waendao kumpeleka mtoto Chuo Kikuu, na kuna waendao kubadili hewa tu kisha wakarudi wakiilaani baridi yake. Mimi huenda kila mwaka, mwezi wa pili, kumwonyesha mtu kichwa changu.

Jambo hili huwachekesha wenzangu pale barazani Kibokoni. "Mwalimu ameshapasuliwa, ameshapona, ala na kulala kama sisi. Kichwa chataka kuonyeshwa nini tena?" Nami zamani nilikuwa nikicheka pamoja nao. Siku hizi sicheki, na sababu yake ndiyo niliyokusudia kumweleza msomaji leo, kwani najua katika mitaa yetu wako wengi waliopasuliwa kichwa, wakashukuru Mungu, wakarudi nyumbani, na mlango wa daktari hawakuuona tena.

Kwanza mahali penyewe. Spring Valley iko magharibi ya Nairobi, ukishaipita Westlands. Matatu hukupitisha karibu na Sarit Centre, lile jengo la maduka lililofunguliwa mwaka 1983, kisha unashika Barabara ya Lower Kabete na miti inaanza kukufunika. Jina lake maana yake ni bonde la chemchemi, na wakaaji wake ni mabalozi, wakubwa wa makampuni, na watu wenye bustani zinazoshinda uwanja wa skuli niliyofundisha. Barabara moja ya huko yaitwa Peponi. Mara ya kwanza kukiona kibao chake, mwaka 2009, kichwa kikiwa bado kimefungwa bendeji, nilimwuliza mke wangu kama nimeshakufa. Akaniambia niache mzaha, mbele ya dereva wa teksi.

Daktari wangu alikuwa akipasua wagonjwa hospitalini mjini, lakini waliokwisha kupasuliwa aliwaona katika nyumba moja ya zamani huko Spring Valley, yenye baraza la mbele na viti vya mbao. Jina lake silitaji, kwa kuwa hakuniruhusu, na yeye si mtu wa kupenda kusemwa gazetini.

UDI

Maradhi yangu yalianza kwa udi. Mwaka 2008 nilianza kumlalamikia mke wangu kwamba siku ya Ijumaa hafukizi tena. Yeye akiapa kuwa amefukiza, na chetezo kiko hapo mbele yangu kinatoa moshi. Nikasema basi huo udi wameghushi, siku hizi wafanyabiashara hawana imani. Baada ya udi yakafuata asumini, baada ya asumini ikawa pilau haina ladha. Nikamlaumu mpishi, nikamlaumu muuza bizari, nikailaumu dunia.

Kisha tabia ikabadilika. Mimi niliyesifiwa kwa subira miaka 26 darasani, nikawa natukana watoto wa watu. Nilisahau majina. Nilivaa kanzu kinyume nikaenda nayo sokoni. Ndugu wakakaa kikao, na kama ilivyo desturi yetu, neno la kwanza likawa nimechezewa, la pili likawa jini. Nikanywa kombe, nikasomewa. Sisemi vibaya juu ya kombe, nimelelewa nalo na marehemu bibi yangu alinipoza nalo homa nyingi. Ila kombe halikuwa la maradhi haya, na miezi minane ilipita huku uvimbe ukinenepa.

Aliyetuokoa ni mpwa wangu, muuguzi, aliyekuja kutuamkia Idi akanikuta nimeushika ukaango unaoungua bila kusikia harufu. Akaniambia, "Mjomba, wiki hii hii twende ukapigwe picha ya kichwa." Picha ikaonyesha kitu mfano wa chungwa dogo, kimekaa mbele ya kichwa juu ya pua.

Kitu hicho huitwa meninjioma. Si ubongo wenyewe unaoota, ni utando unaoufunika. Mara nyingi si saratani, na hukua polepole sana, miaka na miaka, hata ubongo ukazoea kusongwa bila kupiga kelele. Ule unaoota juu ya pua hukandamiza kwanza mishipa ya kunusa, ndiyo maana udi ulikwenda mbele. Halafu huisukuma sehemu ya mbele ya ubongo, na hapo ndipo penye haya ya mtu, subira yake na kupima maneno kabla ya kuyatoa. Kwa hiyo waliosema "Mwalimu si yeye" walisema kweli, ila hawakujua ni nani aliyekaa mahali pake.

Nilipasuliwa Februari 2009. Ilichukua saa saba. Nimebaki na kovu kutoka sikio hadi sikio, na namshukuru aliyebuni kofia ya vito.

NUSU YA KAZI

Siku ya kunitoa hospitali, nilimpa daktari mkono nikamwombea dua ndefu kama mtu anayeagana na msafiri wa Hija. Akaniacha nikamaliza, kisha akasema, "Mwalimu, hii ni nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni wewe kuja." Akanipa kadi: miezi mitatu, miezi sita, mwaka, halafu kila mwaka.

Nilidhani ni njia ya kula pesa. Nakiri hivyo bila haya, kwani najua wengi wanadhani hivyo mpaka sasa. Sikujua kuwa tangu mwaka 1957, daktari mmoja aitwaye Donald Simpson alikwisha kuonyesha kwa hesabu kuwa uvimbe wa namna hii hurudi. Alipanga upasuaji kwa madaraja, kufuata kiasi cha kitu kilichong'olewa. Hata wale walioondolewa kila kitu, pamoja na utando uliozaa uvimbe na mfupa ulioguswa, 9 katika kila 100 ulirudi. Daraja la pili, ambapo utando huunguzwa tu badala ya kukatwa, ikawa 19. Mimi nilikuwa wa daraja la pili. Nyuma ya pua hapakatiki kama kitambaa cha kanzu.

Kuna kisa ambacho daktari alinisimulia na sijakisahau. Jenerali Leonard Wood wa Marekani alipasuliwa uvimbe kama wangu mwaka 1910, na mpasuaji alikuwa Harvey Cushing, yule ambaye kila daktari wa ubongo duniani humwita mwalimu. Wood akapona, akawa mkuu wa majeshi, mwaka 1920 akataka tiketi ya kugombea urais, mwaka 1921 akapelekwa kutawala Ufilipino. Maradhi yakarejea. Mguu ukazidi kumlemea, lakini kazi ilikuwa nyingi na yeye mtu mkubwa, akawa anaahirisha. Aliporudi kwa Cushing mjini Boston, Agosti 1927, uvimbe ulikuwa umeshakuwa mkubwa, na hakuvuka upasuaji huo. Huyo ni jenerali aliyeweza kupanda meli wakati wowote autakao. Sisi wa basi la usiku la Mwembe Tayari tutasemaje?

Basi nikawa naenda. Wakati huo treni ya SGR haijaja, ilianza mwaka 2017, kwa hivyo ilikuwa ni basi usiku kucha, asubuhi kutia udhu na kupumzika Msikiti wa Jamia, kisha matatu mpaka Spring Valley.

Msomaji asiyepata kuona ukaguzi huu asidhani ni kupigwa picha tu. Picha ya mashine ya sumaku, ile MRI, nilikuwa nayo mkononi, lakini daktari hakuitazama kwanza. Alinitazama mimi. Alinitaka nitembee mstari mmoja, kisigino kikigusa kidole. Nifumbe macho niguse pua. Nihesabu kutoka 100 nikishuka kwa saba saba, jambo ambalo, wallahi, hata kabla ya maradhi lingenitoa jasho. Ananipa maneno matatu, kanzu, ngalawa, embe, kisha anazungumza habari za Mombasa kwa dakika tano, na ghafla anauliza, "Maneno yangu yako wapi?" Halafu hutoa mkebe mdogo wa karafuu, akanifumba macho, akauweka chini ya pua yangu. Kila mwaka jibu langu lilikuwa moja: sisikii kitu. Mishipa ile ikishakufa kwa kawaida hairudi, naye alinieleza hivyo mapema ili nisikae nikingoja.

Kisha humtoa mgonjwa nje akabaki na mke wake. Hili liliniudhi mwaka wa kwanza. Mambo gani anaulizwa mke wangu nami nimewekwa barazani kama mtoto aliyeletwa na mama? Baadaye nikaelewa. Aliyeguswa sehemu ya mbele ya ubongo hawezi kuwa shahidi wa tabia yake mwenyewe. Yeye hujiona sawa siku zote. Anayejua ni yule anayekaa naye. Mwaka ule wa kwanza mke wangu alisema, "Daktari, hasira zimepungua, lakini asubuhi hanisalimii, na zamani alikuwa hanitangulii kwa salamu." Daktari akaliandika hilo kwenye faili kama alivyoandika kipimo cha damu. Tangu siku hiyo nikawa naamka na kusalimu, kwanza kwa kulazimishwa na faili, halafu kwa mazoea. Hata sasa sijui ni ubongo uliopona au ni aibu.

Na kuna mambo ambayo mtu hapati kuyauliza ila akirudi. Langu la kwanza lilikuwa sala. Wiki za mwanzo baada ya upasuaji mtu hukatazwa kuinamisha kichwa chini ya kiuno, kwani damu hukimbilia kichwani na jeraha linauma. Sasa ataswali vipi mtu asiyeweza kusujudu? Imamu wetu alinijibu mara moja: keti kitini, rukuu kwa ishara, sijida kwa ishara ya chini zaidi, dini haikuja kukuumiza. Lakini lini nirudi kwenye mkeka? Hilo imamu akasema si lake, nimwulize tabibu. Tabibu akasema wiki sita, tena nianze taratibu, nisiinuke kwa haraka. Mlango mmoja ulinipeleka kwa mwingine, nami nilifurahi kuona haigombani.

MIAKA MIWILI MITUPU

Mwaka 2014 sikwenda. Mwaka 2015 pia sikwenda.

Mtu akiniuliza kwa nini, naweza kutoa sababu tano, na zote za kweli. Binti yangu alikuwa anaolewa. MRI ilikuwa ghali, na bima ya NHIF ya wakati ule (imekwisha kupisha SHA tangu Oktoba 2024) haikunilipia yote. Hospitali moja, ambayo siitaji, ilipoteza faili langu la kwanza na picha za kabla ya upasuaji, nami nikaudhika kwamba watu wanaotaka nirudi wao wenyewe hawatunzi karatasi. Safari ni ndefu. Lakini sababu iliyozishinda zote ni kwamba nilikuwa mzima, na mtu mzima haoni vyema kujipeleka kwa mtu anayemtafutia ugonjwa. Tena kulikuwa na hofu ndani yake. Usipopiga picha, picha haiwezi kuwa mbaya.

Dawa niliendelea kuinunua kwa karatasi kuukuu, maana wiki ya pili baada ya upasuaji nilishikwa na kifafa mara moja, na tangu hapo nikapewa vidonge vya asubuhi na jioni. Mwenye duka la dawa hakuuliza, nami sikusema.

Ikafika Ramadhani ya 2016, mwezi wa Juni. Nikajipangia mwenyewe: kidonge cha asubuhi nikakiacha kwa ajili ya saumu, cha jioni nikakiweka baada ya futari. Sikumwuliza daktari. Nilijisemea moyoni kwamba yeye si Mwislamu, atanikataza tu, basi ya nini kwenda kutafuta katazo? Usiku nilikuwa katika tarawehe, baada ya tarawehe barazani, baada ya baraza daku, alfajiri, na saa mbili za usingizi.

Usiku wa kumi na tatu, katika safu ya pili, nilianguka.

Sikumbuki chochote. Niliyoyajua niliambiwa. Kwamba nilitoa sauti kama ng'ombe. Kwamba kofia ilitoka ikabingirika, na msikiti mzima ukaliona kovu ambalo kwa miaka saba niliwaficha. Kwamba wazee wawili walinikalia miguu na mmoja akasoma kwa sauti akimwamuru aliyenipanda ateremke. Kwamba kuna aliyekimbia kuleta kijiko akanitia mdomoni nisiume ulimi, na jino langu la mbele likavunjika. Mwanangu mkubwa ndiye aliyewasukuma, akanilaza ubavu, akaniwekea kanzu yake chini ya kichwa, akaangalia saa.

Nalisimama hapa kidogo, msomaji, kwa sababu jambo hili litatokea tena katika msikiti mwingine au kwenye karamu ya harusi. Mtu akishikwa na kifafa usimtie kitu chochote mdomoni, ulimi haumezwi. Usimbane mikono wala miguu. Ondoa vitu vinavyoweza kumwumiza, mlaze ubavu mate yatoke, tazama saa. Ikipita dakika tano hajatulia, hiyo ni ya kukimbizwa hospitali. Anayetaka kusoma na asome, hakuna aliyekataza, ila asome akiwa mbali kidogo mgonjwa apate hewa.

NAFASI

Julai nikawa Spring Valley. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, kuanzia Mariakani, ya kujitetea. Daktari hakunigombeza. Alifungua faili, akanionyesha karatasi ambayo huandika mstari mmoja kwa kila mwaka. Mwaka 2013 ulikuwa umeandikwa. Chini yake kulikuwa na tarehe mbili, 2014 na 2015, na mbele yake mistari mitupu. "Nilikuwekea nafasi," alisema. Basi.

Picha mpya ikaonyesha kitu kidogo, mfano wa punje ya kunde, pale pale. Kwa ukubwa wake, alisema, pengine kingeonekana mwaka mmoja au miwili nyuma. Hakusema zaidi, na mimi sikuuliza zaidi.

Kuhusu saumu aliniuliza swali moja: "Kwa nini hukuniuliza?" Nikamweleza ukweli. Akacheka, tena cheko la mtu aliyeumia kidogo. Miaka mingi amewatibu Waislamu wa Eastleigh, wa Garissa, wa Lamu. Akachukua kalamu. Kwetu karibu na ikweta, akasema, mchana haupungui wala kuzidi sana mwaka mzima. Kutoka daku hadi futari ni saa kumi na tatu na kitu, kutoka futari hadi daku ni saa kumi na kitu. Vidonge vya mara mbili kwa siku vinaweza kukaa humo bila kuruka hata kimoja. Si dawa zote ziko hivyo, wala si wagonjwa wote. Wapo ambao angewaambia wale mchana bila kusita, na dini yao imewapa ruhusa, walipe baadaye au watoe fidya. Lakini kilichoniangusha mimi ni mambo mawili: kidonge nilichokiacha, na usingizi nilioukosa. Kukesha, kwa mwenye maradhi haya, ni kama kuchezea kibiriti karibu na petroli. Mwaka huo asinisikie nimefunga. Mwaka wa pili, nikiwa nimetulia, tutaona.

Nikapigwa mionzi mara 30, siku tano kwa wiki, wiki sita nikikaa kwa binti ya dada yangu Pangani. Kile kitu kimesinyaa kidogo kisha kikasimama. Ramadhani ya 2018 nilifunga, kwa ruhusa ya daktari, kidonge daku, kidonge futari, na saa nne za usiku nimeshalala. Tarawehe naiswali nyumbani na mke wangu. Watu barazani hunikosa, nami huwakosa.

Ni katika zile wiki sita, sina la kufanya mchana, ndipo nilipoanza kusoma habari za watu hawa wanaofungua vichwa. Nikagundua kwamba kumfuata mgonjwa baada ya kumtibu si uzushi wa Nairobi. Al-Razi, yule tabibu wa Rayy aliyefariki karne ya kumi, aliacha maandishi mengi ya mgonjwa mmoja mmoja: alikuja na nini, alipewa nini, ikawaje. Cushing, niliyemtaja, ndiye aliyelitunga jina meninjioma mwaka 1922, na alikuwa na desturi moja nzuri sana. Aliwataka wagonjwa wake wamwandikie barua kila mwaka, siku ile ile waliyopasuliwa. Mkulima, mke wa mkulima, mwenye duka, kila mmoja akiandika: bado nalima, jicho la kushoto bado halioni, nimepata mtoto. Barua isipokuja, yeye na msaidizi wake Louise Eisenhardt walimtafuta mtu huyo. Mpaka mwaka 1931 alikuwa ameshapasua vivimbe 2,000 vya ubongo, na kwa barua zile ulimwengu ukajua ni nani huishi na kwa muda gani. Hata hesabu zile za Simpson zisingepatikana kama wagonjwa wasingefuatwa miaka na miaka.

Wala tusidhani kufungua kichwa kumeletwa kwetu na meli. Wagusii wa Kenya walikuwa na mabingwa wao wa kupasua fuvu, hasa kwa mtu aliyepigwa kichwani akabaki na maumivu yasiyokwisha. Dokta Edward Margetts, aliyekuwa hospitali ya Mathari katika miaka ya 1950, aliandika habari zao, akaeleza waliopasuliwa zaidi ya mara moja na wakaishi.

Kwa upande wa hospitali, mwaka 1967 ndipo Renato Ruberti kutoka Italia alipoanza kazi hiyo Nairobi kwa ukamilifu; baadaye akaja Gerishom Sande, mwana wa nchi hii aliyesomea Belfast; na mwaka 2006 Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanza kufundisha wapasuaji wa ubongo hapa hapa. Jirani zetu wa Unguja nao wamepata lao: tangu mwaka 2014 pale Mnazi Mmoja kuna kituo cha upasuaji wa ubongo kilichojengwa na wakfu wa NED wa daktari Mhispania, José Piquer. Hili ni jambo la kufurahisha kwa mtu wa pwani. Mgonjwa wa Pemba hahitaji tena kuuza shamba ili avuke bara. Na aliye karibu na daktari hurudi. Aliye mbali hutafuta sababu, kama mimi.

MKEBE

Mwaka jana daktari alinipokea amesimama. Mkono ulikuwa ukitetemeka kidogo, jambo ambalo kwa mpasuaji ni kama mwadhini kupotewa na sauti. Alikwisha kuacha kupasua siku nyingi. Akaniambia anafunga ile nyumba, na faili langu atalikabidhi kwa daktari mwingine, binti aliyemfundisha mwenyewe.

Nilirudi kwa treni nimekasirika. Miaka kumi na sita mtu amekijua kichwa changu kuliko mimi, leo ananigawa kama mirathi. Nikawaza kuacha. Mke wangu alinitazama tu, akaenda akaileta ile karatasi ya mistari, nakala aliyoiomba kwa daktari mwaka 2016, akaibandika kwenye kabati la vyombo. Mistari miwili mitupu iko pale pale, kila nikifuata kikombe naiona.

Basi Februari hii nikaenda. Daktari mpya ni binti wa makamo ya mwanangu wa tatu, na aliniita "Baba" kabla sijakaa. Faili lote alikuwa amelisoma. Alijua habari za jino. Alijua habari ya salamu za asubuhi, akamwuliza mke wangu kama bado ninasalimu, na mke wangu akajibu kuwa siku hizi nasalimu mpaka namkera. Maneno matatu aliyonipa yalikuwa mengine, nami nilisahau moja, akasema kwa umri wangu si neno.

Kisha akatoa ule mkebe wa karafuu. Alirithi na mkebe. Nikafumba macho, akauweka chini ya pua, nikajibu lile jibu langu la miaka yote. Kimya. Nikafumbua macho nikamwona ameuinua kwenye pua yake mwenyewe, amekunja uso.

"Baba," akasema, "hizi karafuu hata mimi sisikii kitu. Zina miaka mingapi?"

Tulicheka mpaka karani akafungua mlango. Hakuna ajuaye ni tangu lini karafuu zile zilikuwa zimekwisha harufu. Alichukua kahawa ya jikoni akanijaribu upya, na sikuisikia, kwa hivyo mambo ni yale yale. Picha nayo haikubadilika. Nimepewa tarehe ya mwaka ujao, na nimemwahidi kumletea karafuu mpya kutoka Marikiti. Mke wangu ndiye atakayezinusa wakati wa kununua.